Tathmini ya bunduki ya Winchester Modeli 1895

Tathmini ya bunduki ya Winchester Modeli 1895 ni kazi ya kuichunguza bunduki hiyo ya kale ya uwindaji ili kujua ni ya toleo gani, imebaki na uhalisia kiasi gani, iko katika hali gani na ina thamani gani kwa wakusanyaji. Winchester Modeli 1895 ni bunduki ya wenzo, yaani mpigaji huingiza risasi mpya kwa kushusha na kupandisha mkono wa chuma ulio chini ya kitako, karibu na kifyatulio. Ilitengenezwa na kampuni ya Winchester Repeating Arms mjini New Haven, jimbo la Connecticut, Marekani.

Bunduki mbili za modeli hii zinaweza kufanana kabisa kwa macho ya mtu asiyezijua, na bado moja ikawa na thamani mara kadhaa ya nyingine. Tofauti hiyo hutokana na mambo manne: utambulisho, uhalisia, hali na historia iliyothibitishwa. Makala hii inayaeleza mambo hayo kwa utaratibu ambao wathamini huufuata.

## Historia kwa ufupi

Modeli 1895 ilibuniwa na John Moses Browning (1855–1926), mbunifu wa silaha kutoka Ogden, jimbo la Utah. Kabla yake, bunduki nyingi za wenzo zilihifadhi risasi ndani ya bomba refu lililo chini ya mtutu. Ndani ya bomba hilo risasi hulala zikifuatana, ncha ya moja ikigusa kitako cha iliyo mbele yake. Kwa sababu hiyo zilihitaji ncha butu, kwani ncha kali ingeweza kugonga kiwashio cha risasi ya mbele na kuilipua bunduki inapotikisika.

Browning aliliondoa bomba hilo na kuweka kasha la risasi chini ya mwili wa bunduki, mbele ya kifyatulio. Humo risasi hupangwa moja juu ya nyingine, hivyo risasi zenye ncha kali hutumika bila hatari hiyo. Mitambo yake pia ilikuwa imara vya kutosha kwa risasi za baruti isiyo na moshi, ambazo zilikuwa zikienea miaka hiyo na ambazo shinikizo lake ni kubwa kuliko la baruti nyeusi. Kasha huchukua risasi 4 au 5 kulingana na ukubwa wake.

Utengenezaji ulidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakati kampuni ilipofilisika na kununuliwa. Jumla ya bunduki takriban 425,000 zilitengenezwa. Kati ya hizo, zaidi ya 290,000 zilikuwa za kijeshi, zilizoagizwa na Dola la Urusi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kwa hiyo bunduki za uwindaji ni sehemu ndogo tu ya jumla, na jambo hili lina uzito katika kupanga thamani.

### Uhusiano na Afrika ya Mashariki

Modeli hii ina jina katika historia ya Afrika ya Mashariki kwa sababu ya safari ya Theodore Roosevelt. Muda mfupi baada ya kumaliza urais wa Marekani, Roosevelt alishuka Mombasa mwezi Aprili 1909 pamoja na mwanawe Kermit. Msafara huo ulikusanya wanyama kwa ajili ya taasisi ya Smithsonian ya Washington, ukapita nchi ambazo leo ni Kenya, Uganda, Kongo na Sudan Kusini, na kuishia Khartoum mwaka 1910. Roosevelt na Kermit walibeba bunduki za Modeli 1895 za kaliba .405 Winchester, na Roosevelt aliisifu hasa kwa uwindaji wa simba. Kitabu chake kuhusu safari hiyo, *African Game Trails*, kilitolewa mwaka 1910 na kuifanya kaliba hiyo itafutwe na wakusanyaji hadi leo.

## Hatua ya kwanza: usalama

Kabla ya jambo lolote, mthamini huhakikisha kwamba bunduki haina risasi. Huelekeza mtutu mahali pasipo na watu, hushusha wenzo hadi mwisho, kisha hutazama chemba na kasha na kugusa kwa kidole. Kutazama peke yake hakutoshi, kwa kuwa ganda la zamani lililoshika weusi huweza lisionekane ndani ya chemba. Bunduki iliyokaa darini kwa miaka hamsini huhesabiwa kuwa ina risasi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Vilevile haifai kuifyatua ili "kuijaribu". Bunduki nyingi za modeli hii zimechakaa sehemu zinazofunga chemba, na pengo likiwa kubwa ganda la risasi huweza kupasuka na kurusha gesi ya moto usoni mwa mpigaji. Hatari hii inatajwa hasa kwa bunduki za kaliba .30-06, ambayo shinikizo lake ni kubwa. Fundi wa bunduki hupima pengo hilo kwa vipimo maalumu vya chuma. Thamani ya mkusanyaji haihitaji bunduki ifyatuliwe.

## Kuitambua bunduki

Mthamini huandika kwanza yale yaliyochongwa kwenye chuma: jina la kampuni, modeli, kaliba na namba ya mfululizo. Namba ya mfululizo huonyesha takriban mwaka wa kutengenezwa. Baada ya hapo huangalia mambo yafuatayo:

* Umbo la mwili. Bunduki za mwanzo kabisa, takriban 5,000, zina mwili wenye mbavu bapa. Zilizofuata zina mbavu zilizochongwa mabonde na matuta ili kupunguza uzito. Zenye mbavu bapa ni chache na hutafutwa sana.
* Aina. Bunduki ya kawaida ya uwindaji ina mtutu wa inchi 24 hadi 28 (sentimita 61 hadi 71). Karabini, iliyo fupi zaidi, ina mtutu wa inchi 22 (sentimita 56), na nyingi zina pete ubavuni ya kuifunga kwenye tandiko la farasi. Ya kijeshi ina ubao mrefu unaofuata mtutu karibu hadi mwisho.
* Kaliba. Zilizotolewa ni pamoja na .30-40 Krag, .38-72, .40-72, .303 ya Uingereza, .35 Winchester, .405 Winchester (kuanzia 1904), .30-03, .30-06 na 7.62 mm ya Urusi.
* Mapambo na nyongeza. Mteja aliweza kuagiza mbao zenye mishipa mizuri, michoro ya kukwaruza kwenye sehemu ya kushikia, au bunduki inayogawanyika vipande viwili kwa ajili ya safari.

Kaliba haipangi thamani kwa kipimo cha nguvu pekee. Kaliba ya .405 hurusha risasi ya gramu 19 hivi kwa kasi ya takriban mita 670 kwa sekunde, na inapendwa kwa nguvu hizo na kwa jina la Roosevelt. Lakini bunduki ya kaliba ndogo zaidi iliyotengenezwa kwa uchache, ikiwa na nyongeza zisizo za kawaida, inaweza kuipita.

## Uhalisia

Uhalisia una maana kwamba kila sehemu iliyopo ndiyo iliyotoka nayo kiwandani. Hili ndilo swali gumu kuliko yote, kwa sababu bunduki za uwindaji zilikuwa vyombo vya kazi. Mwenyewe alibadilisha alichotaka bila kuwaza mkusanyaji wa karne ijayo.

Mabadiliko yanayoonekana mara nyingi ni haya:

1. Matundu ya darubini. Modeli 1895 hutoa maganda kwa juu, hivyo darubini haikai vizuri juu ya mwili. Wawindaji wengi walitoboa ubavu ili kuifunga pembeni. Tundu lililotobolewa haliwezi kurudishwa katika hali ya awali, hata likizibwa kwa ustadi.
2. Kitako kilichokatwa. Kitako cha asili kina bamba la chuma mwishoni, na kwenye bunduki nyingi bamba hilo limepinda kama mwezi mwandamo. Kwa kaliba ya .405, ambayo husukuma bega kwa nguvu, wengi walikata kitako na kuweka mpira. Mthamini hupima urefu wa kitako na kuulinganisha na wa kiwandani.
3. Mtutu uliofupishwa au kubadilishwa. Kilengeo cha mbele kilichosogezwa, au mdomo wa mtutu usio laini, ni dalili ya kukatwa. Alama ya ukaguzi ya kiwanda nayo husaidia. Winchester ilianza kutumia alama ya herufi WP ndani ya duara la yai mwaka 1905. Mtutu wenye alama hiyo juu ya mwili wa mwaka 1899 ni sababu ya kuuliza maswali, ingawa huenda bunduki ilirudishwa kiwandani kwa matengenezo.
4. Skrubu zilizochanika. Mifereji ya skrubu iliyoharibika inaonyesha kwamba mtu alifungua bunduki kwa bisibisi isiyolingana. Skrubu safi hazithibitishi kila kitu, lakini zilizochanika humtaka mthamini atazame ndani kwa makini zaidi.

### Rangi iliyorudiwa

Chuma cha bunduki hizi kilipewa kiwandani rangi ya bluu-nyeusi, ambayo hulinda dhidi ya kutu. Rangi hiyo huisha taratibu mahali mkono unaposhika, kwenye kona, na chini ya mwili ambapo mwindaji hubebea bunduki. Uchakavu wa namna hii unafuata mantiki ya matumizi.

Mtu anapoipaka rangi upya, kwanza huondoa kutu kwa msasa au gurudumu la kung'arishia. Hapo ndipo ushahidi hubaki. Kona zilizokuwa kali huwa mviringo, herufi huwa na kingo zilizofifia, matundu ya skrubu hubonyea kama kisahani, na rangi mpya huonekana imeingia ndani ya mashimo ya kutu ya zamani. Kwa upande wa mbao, kiwandani ubao wa mjozi uliachwa ukiinuka kidogo juu ya chuma unapokutana nacho. Ubao uliopigwa msasa hushuka chini ya chuma, na kucha ikipitishwa kwenye kiungo hicho huhisi tofauti.

Kwa sababu hii bunduki inayong'aa inaweza kuwa na thamani ndogo kuliko iliyokwajuka. Uso wa zamani ukiondolewa, umeondoka pamoja na ushahidi wake, wala hakuna fundi anayeweza kuurudisha. Mrithi anayeikuta bunduki ya babu yake na kuisugua kwa brashi ya waya ili ipendeze kabla ya kuuzwa, huweza kuipunguzia thamani kwa sehemu kubwa ndani ya saa moja. Kinachofaa ni kitambaa laini chenye mafuta mepesi ya bunduki, na kuacha mengine kwa mtaalamu.

## Kupima hali

Chama cha Taifa cha Bunduki cha Marekani (NRA) kina ngazi za hali ya bunduki za kale ambazo hutumiwa sana katika minada na vitabu vya bei. Kwa ufupi ni hizi:

* Mpya ya kiwandani: sehemu zote za asili, rangi ya asili asilimia 100.
* Bora sana: sehemu zote za asili, rangi ya asili zaidi ya asilimia 80, herufi kali, ubao usio na majeraha.
* Bora: sehemu zote za asili, rangi ya asili zaidi ya asilimia 30, herufi kali.
* Nzuri sana: sehemu zote za asili, rangi ya asili asilimia 0 hadi 30, chuma laini chenye kona kali.
* Nzuri: sehemu ndogo chache zimebadilishwa, chuma kina kutu kidogo au kimepakwa rangi upya, mitambo inafanya kazi vizuri.
* Ya wastani: baadhi ya sehemu kubwa zimebadilishwa, chuma kina kutu, herufi zimechakaa.
* Duni: sehemu nyingi zimebadilishwa, chuma kimeliwa na kutu, ubao umeharibika, mitambo haifanyi kazi.

Msomaji atambue kwamba bunduki isiyo na rangi hata kidogo inaweza kuwa "nzuri sana" kama sehemu zake zote ni za asili, huku iliyopakwa rangi upya na kung'aa ikishuka ngazi moja chini yake. Uhalisia umewekwa mbele ya urembo.

Asilimia ya rangi hukadiriwa kwa kuigawa bunduki katika sehemu. Tuchukue mfano wa kufikirika: mtutu ni nusu ya chuma kinachoonekana na umebaki na rangi asilimia 70, mwili ni sehemu tatu za kumi na umebaki na asilimia 30, wenzo na vinginevyo ni sehemu mbili za kumi, vikiwa na asilimia 10. Hesabu itakuwa 35 + 9 + 2, yaani asilimia 46. Bunduki hiyo ni "bora", iwapo sehemu zote ni za asili. Muuzaji anayetazama mtutu pekee angesema asilimia 70, naye mnunuzi anayetazama wenzo pekee angesema 10. Mwamba ngoma huvutia kwake, ndiyo maana hesabu ya sehemu kwa sehemu inahitajika.

### Ndani ya mtutu

Ndani ya mtutu kuna mifereji ya mzunguko inayoizungusha risasi ili iende sawa. Mthamini humulika taa kutoka upande mmoja na kutazama kutoka mwingine. Mifereji mikali na inayong'aa huongeza thamani. Mashimo ya kutu huipunguza.

Mitutu mingi ya zama hizo iliharibika kwa sababu ya kikemia. Viwashio vya risasi vilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha kloridi ya potasiamu, chumvi inayofanana na ya mezani. Chumvi hiyo hufyonza unyevu wa hewa na kuleta kutu. Kwa kuwa huyeyuka katika maji na si katika mafuta, mwindaji aliyepaka mafuta tu aliifungia chumvi ndani. Aliyesafisha kwa maji ya moto, akakausha, ndipo akapaka mafuta, aliuokoa mtutu wake. Katika nchi za joto na unyevunyevu uharibifu huo ulikwenda haraka zaidi.

## Historia iliyothibitishwa

Bunduki yenye uhusiano na mtu au tukio maarufu huongezeka thamani, mradi uhusiano huo una ushahidi. Masimulizi ya familia ni mwanzo wa uchunguzi. Peke yake hayatoshi. Ushahidi unaokubalika ni barua, risiti, leseni za zamani au picha ambamo namba ya mfululizo imetajwa au bunduki inatambulika bila shaka.

Chanzo muhimu ni Jumba la Makumbusho ya Silaha la Cody, lililo ndani ya Buffalo Bill Center of the West katika mji wa Cody, jimbo la Wyoming. Huko kumehifadhiwa daftari za kiwanda cha Winchester. Kwa ada, mwenye bunduki hupata barua inayoeleza bunduki yake ilivyotoka kiwandani: kaliba, aina ya mtutu, nyongeza na tarehe. Kwa Modeli 1895 daftari zilizopo zinahusu namba za mwanzo hadi karibu 60,000 tu. Barua ikisema kaliba ni .30-40 na bunduki iliyo mkononi ni .405, mtutu umebadilishwa baadaye, hata kama umefungwa kwa ustadi namna gani.

## Nakala za kisasa na udanganyifu

Tangu miaka ya 1980 Modeli 1895 imetengenezwa upya na kiwanda cha Miroku cha Japani, kwanza kwa jina la Browning na baadaye kwa jina la Winchester. Mwaka 2009 lilitolewa pia toleo la kuadhimisha miaka mia moja ya safari ya Roosevelt. Ni bunduki nzuri, lakini si za kale. Hutambulika kwa maandishi ya Japani kwenye mtutu, na zile za karibuni kwa kitufe cha usalama nyuma ya nyundo, ambacho za zamani hazina.

Udanganyifu wa kweli ni kuchukua bunduki halisi ya kawaida na kuifanya ionekane ya nadra: kuongeza michoro, kubadili kaliba, au kuchonga jina la mtu maarufu. Bunduki za mkataba wa Urusi nazo hukatwa ubao na kuuzwa kama za uwindaji. Kwenye mwili wa bunduki hizo kulikuwa na reli ya kuingizia risasi tano kwa mkupuo, na alama za reli hiyo huitambulisha asili yake.

## Kupanga bei

Baada ya hatua zote, mthamini hulinganisha bunduki na nyingine za aina, kaliba na ngazi ileile zilizouzwa karibuni. Hutumia bei zilizolipwa mnadani, si zile wauzaji wanazoomba. Uchache peke yake hauleti bei bila kuwapo watu wanaoitafuta, na kasoro moja ya uhalisia hupunguza zaidi kadiri bunduki ilivyo ya ngazi ya juu: tundu moja la darubini ni dogo kwa bunduki "ya wastani", lakini kwa "bora sana" ni hasara kubwa.

## Sheria

Nchini Marekani sheria ya silaha ya mwaka 1968 huihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale, na taratibu za kuiuza ni nyepesi. Kwa hiyo tofauti ya mwaka mmoja katika namba ya mfululizo inaweza kubadili soko lake. Kanuni hiyo ni ya Marekani na haivuki mipaka. Nchini Kenya umiliki wa silaha unasimamiwa na Sheria ya Silaha (Sura ya 114), na uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Nchini Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mtu anayekuta bunduki ya zamani katika mali ya marehemu asidhani kwamba umri wake umeondoa hitaji la kibali. Njia salama ni kutoa taarifa polisi kabla ya kuisafirisha, kuitoa zawadi au kuiuza.

## Tazama pia

* Bunduki
* Baruti
* John Browning
* Theodore Roosevelt
* Makumbusho